Mguu wa kuku wenye mdomo mpana: dhana potofu kuhusu rivolva fupi za risasi kubwa

Mwezi wa pili mwaka juzi, joto la Dar likiwa limekaba koo, swahiba wangu mmoja wa Tabata alinialika chai. Vitumbua vilipokwisha akaingia chumbani, akarudi na kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha njano, vile vitambaa vya kufutia gari. Akakifungua mezani, pembeni ya birika. Ilikuwa rivolva, bastola inayobeba risasi kwenye silinda inayozunguka. Mtutu wake mfupi, inchi mbili na nusu, lakini tundu lilikuwa pana mno kwa umbo lile dogo. Inachukua risasi tano za .44, jina linalotokana na unene wa risasi kwa inchi.

"Kaka," akaniambia kwa furaha, "hii hata ukimgusa mtu begani, anaruka hadi ng'ambo ya barabara. Shika, tupu hiyo."

Niliipokea, nikafungua silinda. Nilichokikuta humo nitakieleza mbele kidogo.

Nimekuwa na leseni ya bastola tangu 2009, na kwa miaka 11 nimefundisha shabaha walinzi wa kampuni binafsi na raia wachache wenye leseni zao. Maneno kama ya swahiba wangu nayasikia kila mara, hasa tangu panya road, yale magenge ya vijana, walipoanza kuvamia mitaa na mapanga, na wenye maduka wakaanza kuulizana nani ana mguu wa kuku, yaani bastola. Siwalaumu kwa kuogopa. Nami nimewahi kutembea na mauzo ya siku nzima kutoka Gerezani hadi kituo cha daladala, mgongo umelowa jasho ambalo halikuwa la joto. Kinachoniuma ni hiki: katika bastola zote, fupi yenye risasi kubwa ndiyo ngumu kuliko zote kuitumia sawasawa, na hapa mjini inatafutwa na watu waliokwisha kuaminishwa kwamba ndiyo rahisi kuliko zote.

"Risasi kubwa inamrusha mtu"

Hii tumeitoa kwenye sinema. Mtu anapigwa, anapaa, anapasua kioo cha dirisha. Hesabu yake ni ya sekondari tu. Risasi ya kawaida ya .44 Special ina kichwa cha gramu 16 hivi, na ikitoka kwenye mtutu mrefu inakimbia kama mita 230 kwa sekunde. Kwenye mtutu mfupi inapungua. Sasa chukua mfuko wa saruji wa kilo 50, uutundike kwa kamba kwenye kenchi, risasi ile iingie na isitoke. Mfuko utasogea kwa kasi ya sentimita 7 kwa sekunde. Mtoto anayetambaa anaupita. Mtu wa kilo 70 anasukumwa kwa sentimita 5 kwa sekunde.

Msukumo unaokwenda mbele ndio huohuo unaorudi nyuma. Kama risasi ingeweza kumrusha anayepigwa, ingemrusha na anayepiga. Tofauti ni kwamba anayepiga ameshika kitu cha gramu 600, kwa hiyo kile kichuma kinamrudia kiganjani kwa zaidi ya mita 6 kwa sekunde. Ukubwa wa risasi unajulikana hapo, kwenye mkono wa mwenye bastola, kabla haujajulikana kwingine kokote.

Na bastola hizi si ngeni duniani. Webley wa Uingereza walianza kuuza British Bull Dog mwaka 1872: mtutu wa inchi 2.5, risasi tano, tundu la .442 au .450. Ndiyo bibi wa ile niliyoonyeshwa Tabata. Tarehe 2 Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi mbili kwa bastola ya aina hiyo katika stesheni ya treni jijini Washington, mpigaji akiwa karibu kabisa nyuma yake. Moja ilimparuza mkono, ya pili ikaingia mgongoni. Aliishi siku 79 baada ya hapo, na wanahistoria wengi wanaona kilichommaliza ni usaha ulioletwa na madaktari waliolipekua jeraha kwa vidole ambavyo havikuoshwa.

Mwili wa binadamu huzimika papo hapo ikiwa ubongo au uti wa mgongo umeguswa. Vinginevyo unazimika damu inapopungua, na hilo linachukua muda, hata moyo ukiwa umejeruhiwa. Kwa hiyo risasi ilipopita ni jambo kubwa kuliko upana wake. Mtu anayenunua .44 ili asihangaike kujifunza kulenga amenunua kinyume cha anachohitaji.

"Namba ikiwa kubwa, nguvu ni kubwa"

Namba za risasi ni majina yaliyorithiwa, na mengine si vipimo vya kweli. Risasi ya .38 Special, iliyotoka 1898, na ya .357 Magnum, iliyotoka 1935, zina vichwa vya unene uleule, milimita 9 na chembe. Jina la .38 lilibaki kutoka enzi ambazo kichwa cha risasi kilikuwa na unene sawa na ganda lake kwa nje. Ile ya .44 nayo haifiki .44 ya inchi: ni .429, yaani milimita 10.9. Tofauti kati ya risasi "ndogo" ya .38 na "kubwa" ya .44 haifiki milimita 2.

Tena .44 si kitu kimoja. .44 Special ya 1907 ni risasi ya taratibu, shinikizo lake la juu ni pauni 15,500 kwa inchi ya mraba. .44 Magnum ilitoka 1955, baada ya Mmarekani Elmer Keith kukaa miaka mingi akiijaza .44 Special baruti nyingi kuliko ilivyopangwa na kuwashinikiza watengenezaji. Hiyo inafika 36,000. Na .357, yenye kichwa chembamba, inafika 35,000, zaidi ya mara mbili ya .44 Special. Ukisikia mtu anasema "mimi nina fotifoo" na akaishia hapo, bado hujajua ana nini.

Watengenezaji walilirefusha ganda la Magnum kwa milimita 3 hivi makusudi, ili lisiingie kwenye silinda ya Special. Risasi ya Special inaingia kwenye bastola ya Magnum na inapigwa bila shida, lakini kinyume chake hakiruhusiwi. Nimewahi kuulizwa na mtu mzima, mwenye watoto, kama fundi wa kukereza anaweza "kuichonga silinda kidogo" ili ipokee za Magnum. Nilimwambia atakuwa amejitengenezea bomu la mkononi, na hata kabla halijalipuka, kubadili silaha namna hiyo ni kuitafuta jela.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa sifa hawalisemi. Baruti ya Magnum inahitaji mtutu ili iungue yote. Kwenye mtutu wa inchi mbili, sehemu yake inaungulia nje. Unabaki na mwali wa moto unaokupofusha usiku umeme ukiwa umekatika, na kishindo. Sikio linaanza kuharibika kwa mlio wa desibeli 140, na bastola hizi zinapita 150. Mimi nilipiga .357 fupi bila kuziba masikio mara moja tu maishani, chini ya paa la bati. Mlio ulioanza siku ile kwenye sikio la kushoto bado ninao ninapoandika haya.

"Ni ya karibu, haihitaji kulenga"

Wengine husema mtutu mfupi "unatupa risasi ovyo". Hiyo si kweli. Ukiufunga mtutu wa inchi mbili kwenye jiliwa, risasi zake zinaweza kukaa karibu karibu kama za mtutu mrefu. Mifuo ya ndani inaizungusha risasi vilevile. Tatizo liko kwa mshikaji.

Kwenye rivolva fupi, umbali kati ya alama ya kulengea ya nyuma na ya mbele ni kama sentimita 10. Alama ya mbele ikikosea kwa milimita moja, risasi inakosea kwa sentimita 10 ukiwa mita 10. Bastola ambayo umbali huo ni sentimita 20, kosa lilelile linakuwa sentimita 5. Milimita moja ni mapigo ya moyo wako tu.

Halafu triga. Rivolva nyingi za kubeba zinapigwa kwa kuvuta triga moja kwa moja, na mvuto huo mrefu unahitaji nguvu ya kilo 4 na nusu hadi 5 na nusu. Bastola yenyewe ina uzito wa gramu 600. Kidole kinavuta kwa nguvu mara saba na nusu hadi tisa ya uzito wa kitu ambacho mkono unajaribu kukituliza. Ndiyo maana mwanafunzi mpya, wa mkono wa kulia, karibu kila mara hupeleka risasi chini kushoto: kiganja chote kimekaza pamoja na kidole.

Hapa ndipo wazee wangu wananiambia, "Mwanangu, mimi nilipita JKT." Nawaheshimu, na wengi wao walilenga vizuri kweli. Lakini walilenga kwa bunduki ndefu, yenye kitako begani na mikono miwili mbali mbali, chini ya afande anayepiga kelele. Mzee mmoja wa Mbagala, mtu wa shabaha aliyejivunia hilo miaka 40, alipiga risasi tano kwa rivolva fupi mbele yangu, umbali wa mita 7. Moja iligusa karatasi. Aliishusha bastola, akaitazama karatasi muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hizi nne zimekwenda wapi?" Ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mwanafunzi. Siku ile zilikuwa zimekwenda kwenye tuta la udongo. Mtaani Mbagala hakuna tuta la udongo, kuna nyumba za watu.

Risasi za .44 ni ghali na zinaumiza mkono, hivyo mwenye nayo anafanya mazoezi machache kuliko mwenye .38, wakati yeye ndiye angehitaji mengi zaidi. Anapopiga, woga wa teke unamfundisha kufumba macho. Njia ya kumponya ninayoijua ni kurudi nyuma: bastola nzito, mtutu wa inchi nne, risasi nyepesi, mpaka mkono uache kushtuka. Wachache wanakubali. Wanaona aibu kushika "ya wanawake", kumbe wanawake niliowafundisha ndio wanaoanza na nyepesi bila ubishi, na ndio wanaopata shabaha mapema.

"Rivolva haikwami"

Nilipoanza kazi hii nami niliisema hiyo, na niliisema kwa kujiamini. Haina magazini, kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini, wala chemchemi yake inayochoka, risasi ikikataa unavuta tena triga na nyingine inakuja. Yote hayo ni kweli. Siku moja nikiwa na bastola ya kuazima pale uwanjani, .44 nyepesi sana yenye risasi nzito, nilipiga mbili na ya tatu ikagoma. Haikugoma kulia. Silinda yenyewe iligoma kuzunguka. Triga ikawa kama imechomelewa.

Nilijaribu kuifungua silinda, ikakataa pia. Ilituchukua zaidi ya nusu saa kuifungua, mtutu umeelekezwa kwenye tuta, na mimi najikaza nisije nikafanya haraka. Kumbe bastola ikiwa nyepesi na risasi ikiwa nzito, kila teke linairudisha bastola nyuma kwa ghafla, na risasi zilizobaki kwenye silinda zinafanya kama nyundo iliyolegea kwenye mpini: ganda linarudi pamoja na bastola, kichwa kinabaki pale pale. Kidogo kidogo kichwa kinachomoza nje ya ganda, mpaka kinatokeza mbele ya silinda na kugusa fremu. Hapo silinda haizunguki tena, na huwezi kuirekebisha kwa kuigonga na kiganja kama wanavyofanya wenye magazini. Jinsi bastola inavyokuwa nyepesi na risasi inavyokuwa kubwa, ndivyo jambo hili linavyokuwa karibu. Siku hizi nikimfundisha mtu mwenye ya namna hiyo, tunapiga nne, tunafungua, tunaitoa ya tano bila kuipiga na kuipima kwa kipimo pembeni ya risasi mpya.

Fimbo ya kusukumia maganda nayo ni fupi kwa sababu mtutu ni mfupi. Haiyatoi maganda hadi mwisho, yanabaki yananing'inia, hasa silinda ikiwa chafu. Chembe za baruti zisizoungua zikiingia chini ya ile nyota inayoinua maganda, silinda haifungi sawasawa.

Hatari zaidi ni risasi nzee. Watu wanaamini risasi haichakai. Risasi iliyokaa droo la kabati tangu enzi za marehemu, kwenye unyevu wa Dar, inaweza kutoa mlio dhaifu tu, na kichwa kikabaki katikati ya mtutu. Mwenye rivolva, kwa mazoea ya kuambiwa "vuta tena", anavuta tena. Silinda inazunguka vizuri kabisa, na risasi ya pili inakutana na ya kwanza. Mlio ukisikika mdogo kuliko kawaida, acha. Mtutu uelekee mahali salama, subiri nusu dakika au zaidi, ndipo ufungue na kuangalia mtutu. Risasi iliyogoma kulia kabisa nayo inaweza kuchelewa kisha ikalia.

Jambo jingine dogo, ila limewakata watu vidole: kati ya silinda na mtutu kuna mwanya, unaweza kuwa wa robo ya milimita. Kwenye mwanya huo gesi ya moto inatoka pembeni kama kisu. Kidole cha mkono wa kusaidia kisikae hapo kamwe. Mwanya huohuo ndio unaofanya kiziba mlio cha sinema kisiwe na maana kwenye rivolva karibu zote. Nagant ya Urusi ya 1895 ndiyo inayojulikana kwa kuuziba, kwa sababu silinda yake inasogea mbele kabla ya kupiga.

"Iko tupu, nimeiangalia"

Sasa nirudi Tabata. Nilipofungua silinda ya swahiba wangu, matundu manne yalikuwa matupu. La tano lilikuwa na risasi. Na halikuwa tundu lililokaa chini ya nyundo, lilikuwa la pembeni yake, lile ambalo ungevuta triga ndilo lingepanda juu na kupigwa.

Yeye alikuwa ameitazama kweli. Aliitazama kwa mbele, ikiwa imefungwa, akaona mashimo meusi, na akaangalia tundu la juu kwa nyuma akaliona halina ganda. Akajiridhisha. Wengi hawajui kwamba triga ya rivolva inaizungusha silinda kwanza, ndipo nyundo inapiga. Tundu unaloliona juu si litakalopigwa. Za Smith & Wesson, ukizishika, silinda inazunguka kuelekea kushoto kwako, za Colt kuelekea kulia. Kwa hiyo hata anayejua kwamba inazunguka anaweza kukosea upande. Dawa yake ni kuifungua silinda yote, kuinua mtutu juu, kuisukuma fimbo, na kupitisha kidole kwenye kila tundu. Macho peke yake hayatoshi, kidole hakidanganywi na giza.

Mke wake alikuwa jikoni nyuma ya ukuta wa mbao laini, na mtoto wao wa darasa la tatu alikuwa ameinama kwenye mkeka anachora. Sikumwambia chochote kwa muda. Niliiweka ile risasi moja juu ya kisahani, ikagonga, akaielewa.

Kuhusu kuanguka: wengine wanaamini rivolva yoyote ikianguka inalia, wengine kwamba hailii kamwe. Za zamani sana, kama Colt ya 1873, nyundo inakaa juu ya fataki ya risasi, ile inayowasha baruti, na wenye akili waliacha tundu moja tupu chini yake. Smith & Wesson waliboresha kizuizi chao cha nyundo baada ya baharia wa Marekani kuuawa mwaka 1944 na bastola iliyoanguka kwenye sitaha ya meli. Za sasa zina kizuizi kinachoondoka, au kipande kinachopanda, pale tu triga inapovutwa. Ukipewa ya zamani, kwanza ujue ni ya kundi lipi.

"Ni ndogo, inakaa popote"

Dar ni mji wa mashati mepesi. Gramu 600 hadi 900 kwenye mfuko wa suruali ya kitambaa zinavuta upande mmoja, na kila mtu kwenye foleni ya benki anaona. Wakitambua, wewe si mlinzi tena, wewe ndiye mzigo unaofuatwa. Mfukoni ikichanganyika na funguo na sarafu, kimoja kinaweza kuingia kwenye triga. Bastola ya mfukoni ikae peke yake, ndani ya kifuko kinachofunika triga yote.

Mkoba wa begani ni mbaya zaidi. Tunawajua wakwapuaji wa bodaboda: wanapita, wanavuta, wamekwenda. Mama anayebeba bastola kwenye pochi anaweza kuwakabidhi silaha iliyojaa pamoja na simu na vipodozi. Na kwenye gari, ndani ya droo ya dashibodi, ni sawa na kuiacha kwenye kioo cha dirisha. Kiunoni, kwenye kifuko kigumu kilichoshonewa umbo lake, pamoja na mkanda mzito, ndiyo njia ninayoiamini, na ina adha zake kuanzia Desemba hadi Machi.

Adha kubwa ni jasho. Watu wananunua ya stenlesi wakidhani haishiki kutu. Inachelewa tu. Yangu, stenlesi, niliiacha wiki mbili kwenye kifuko cha ngozi bila kuifuta, ule msimu upepo wa baharini umejaa chumvi. Nilipoitoa kulikuwa na vidoa vya rangi ya chai chini ya silinda na kwenye skrubu zote. Ngozi inakunywa jasho na kulirudisha kwenye chuma, kwa hiyo bastola haihifadhiwi ndani yake. Nyumbani inalala nje ya kifuko, imepakwa mafuta kiasi, ndani ya sefu iliyofungwa ukutani. Mafuta mengi yanaingia kwenye risasi na kuua fataki.

"Ukuta utaizuia," "nimepiga hewani tu"

Tofali la saruji linazuia mengi. Lakini angalia nyumba yako yenyewe: mlango wa mbao laini, dirisha la alumini, dari ya jipsamu, banda la bati la jirani anayeuza chipsi. Risasi nzito ya .44 inapita vyote hivyo na bado ina safari. Uwanja wa nyuma wa Manzese au Tandale una watu waliolala kila upande.

Ya hewani inarudi. Majaribio ya jeshi la Marekani huko Florida, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, yaliona risasi ya bunduki ya gramu 10 hivi ikishuka kwa kasi ya mita 90 kwa sekunde. Hiyo ni ile iliyopigwa wima kabisa. Ya kuinama, kama wengi wanavyopiga usiku wa Mwaka Mpya, inashuka na kasi zaidi.

"Nikiitoa tu, atakimbia"

Anaweza kukimbia. Anaweza pia kusema baadaye ulimtishia kwa silaha, na ukajikuta wewe ndiye mshtakiwa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakupa haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali yako, lakini kwa nguvu ya kadiri inayohitajika tu. Ukizidisha, unawajibika kwa ulichozidisha. Kibaka anayekimbia na simu yako akiwa amekupa mgongo hakutishii tena. Baa ndiyo sehemu mbaya kuliko zote: ukiwa umekunywa, bastola ibaki kwenye sefu, hakuna mjadala.

"Ya baba ni yangu"

Leseni inakuhusu wewe na silaha ile, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Hairithiwi kama shamba. Mwenye leseni akifariki, silaha inapelekwa polisi, na mrithi anayeitaka anaanza maombi yake mwenyewe, tangu serikali ya mtaa. Kila Septemba Umoja wa Afrika una mwezi wa msamaha wa kusalimisha silaha, na jeshi letu la polisi limekuwa likitangaza kipindi cha namna hiyo. Lakini si lazima kusubiri Septemba.

Mwaka jana shemeji yangu wa Kigamboni alinipigia simu siku ya arobaini ya mumewe. Alikuwa amefungua kopo la biskuti juu ya kabati akitafuta hati ya kiwanja, akakuta rivolva. Nilimwambia asiiguse, afunge mlango wa chumba, mimi nakuja na kivuko. Tuliwapigia polisi kwanza, tukaeleza tumekuta nini, wakatuma askari wawili. Askari mdogo aliitoa ile rivolva kwa vidole viwili, akaifungua silinda kwa shida. Risasi tano zilikuwa zimeota ukijani kwenye maganda, mbili zilikataa kutoka mpaka alipozisukuma kwa kijiti. Akazipanga juu ya stuli, akazihesabu kwa sauti, akaandika namba ya silaha, akamsomea shemeji karatasi yote kabla ya kumpa asaini. Mjukuu wa miaka minne alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mfuniko wa lile kopo la biskuti.